Bustani ya magunia, chakula cha shule, jiko la mama lishe au mazoezi ya mtaa: kikundi chenye fedha kidogo kianze na lipi?

Katika mitaa ya watu wa kipato cha chini jijini Dar es Salaam, kama vile Manzese, Tandale, Vingunguti na Mbagala, si habari ngeni tena kusikia kwamba mama wa nyumba ya pili amepooza upande mmoja kwa sababu ya presha, au kwamba fundi cherehani wa kona ile amekatwa kidole cha mguu kwa sababu ya kisukari. Maradhi haya, ambayo kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa ya wenye nacho, sasa yanaishi katika nyumba za kupanga, ndani ya vyumba ambamo fedha ya chakula hupatikana siku kwa siku. Kwa sababu hiyo vikundi vingi vya mtaa, vikiwemo vikoba vya akina mama, vikundi vya vijana, kamati za misikiti na jumuiya za makanisa, vimeanza kutafuta jambo la kufanya ili watu wale vizuri na waishughulishe miili yao, na mara nyingi vinapopata fedha kidogo swali huwa ni moja: tuanze wapi?

Njia zinazopendekezwa mara kwa mara ni nne, nazo ni bustani za mboga majumbani, chakula cha shule, kuboresha mapishi ya mama lishe, na mazoezi ya pamoja. Nimezilinganisha kwa kuzingatia maswali yaleyale kwa kila moja: nani hasa ananufaika, nani atalipa baada ya fedha za kuanzia kuisha, kazi itamwangukia nani, na ni jambo gani huiua njia hiyo kabla haijazaa matunda. Semina ya lishe sikuihesabu kuwa njia ya tano inayojitegemea, na sababu yake nitaieleza mbele.

Tatizo lenyewe likoje

Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa jirani zetu Kenya, utafiti wa aina hiyo wa mwaka huohuo ulikuta udumavu ukiwa asilimia 18, huku wanawake watu wazima wapatao asilimia 45 wakiwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Tusidhani kwamba nambari hizo zinahusu watu wa makundi mawili yasiyokutana. Mara nyingi mtoto aliyedumaa na mama mwenye uzito uliozidi wanakula kutoka sufuria moja, kwa kuwa sufuria hiyo ina wanga mwingi, mafuta na chumvi, na ina upungufu wa kunde, dagaa, mboga na matunda. Chakula hicho kinaweza kumshibisha mtu mzima hata akanenepa, na bado kikamnyima mtoto vitu anavyohitaji ili akue.

Kwa upande wa kuushughulisha mwili, kuna jambo ambalo kampeni nyingi hulipita bila kulitazama. Utafiti wa Kenya wa 2015 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba asilimia 94 ya watu wazima walikula mboga na matunda chini ya kiwango cha vipimo vitano kwa siku, lakini wasiofikisha kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa walikuwa asilimia 6.5 tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli za nguvu ya wastani kwa wiki, na linahesabu kazi na safari za miguu pamoja na michezo. Mbeba mizigo wa sokoni, mama anayechota maji bombani na kupanda nayo ngazi, na kijana anayesukuma mkokoteni hawana deni la mazoezi. Deni lao ni la mboga, matunda, usingizi na mapumziko. Hata hivyo wastani huo unawaficha watu wengi wa mjini ambao hali yao ni tofauti kabisa: dereva wa bodaboda au bajaji, fundi cherehani, muuza duka, mlinzi wa zamu, na mama anayekaa nyuma ya meza ya biashara tangu asubuhi hadi usiku. Kikundi kinachotaka kuhimiza mazoezi kinapaswa kwanza kujua kinazungumza na nani kati ya hao.

Jambo la pili ni bei na muda. Mtu anayenunua unga kwa kupimiwa, mafuta kwa kipimo kidogo na mkaa kwa kopo hupanga mlo wake kwa kuangalia kilichopo mfukoni jioni ile, na maharage yanayohitaji saa mbili jikoni yanaweza kumgharimu zaidi kwa mkaa kuliko kwa maharage yenyewe. Ndiyo maana naamini kwamba njia inayofaa ni ile inayobadilisha kitu ambacho watu tayari wanakinunua au tayari wanakifanya kila siku, na kwamba maarifa huja kukitia nguvu kitu hicho. Ulinganisho unaofuata unasimama juu ya imani hiyo, na msomaji asiyekubaliana nayo ana haki ya kupima upya.

Bustani za magunia

Bustani ya magunia ilipata umaarufu mkubwa katika eneo hili la Afrika kupitia Kibera, Nairobi, ambako shirika la Solidarités lilianza kuigawa kwa familia mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi. Ufundi wake hauna ugumu. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, katikati yake hupita nguzo ya kokoto ili maji yafike mpaka chini, kisha mboga hupandwa juu na katika matundu yaliyotobolewa ubavuni, kiasi kwamba nafasi ndogo mlangoni hubeba miche mingi ya sukuma wiki, spinachi au mchicha. Mchicha huwa tayari kwa kuvunwa baada ya wiki tatu hadi nne, na matembele, ambayo huendelea kuchipua kila yanapochumwa, huwafaa sana wapangaji kwa sababu hayahitaji mbegu ya kununua kila msimu.

Uzuri wa njia hii ni kwamba inafanya mboga ziwepo hata siku ambayo hakuna fedha. Jirani humgawia jirani, na fungu linalobaki huuzwa. Lakini bustani ya gunia haishibishi; inaongeza vitamini na madini katika sahani ambayo bado inahitaji unga, kunde na mafuta kutoka dukani. Kikundi kinachoahidi kwamba magunia yatamaliza njaa kitavunja matumaini ya watu kabla ya mavuno ya pili.

Kinachoiua bustani hii mijini ni maji. Katika nyumba ambamo maji hununuliwa kwa dumu, kumwagilia magunia matatu wakati wa kiangazi ni gharama inayoshindana na maji ya kunywa na ya kufulia, na watu huchagua wanavyopaswa kuchagua. Adui wa pili ni mwenye nyumba, kwa sababu mpangaji anayeweza kuhamishwa baada ya miezi michache hana sababu ya kujenga udongo mzuri. Baada ya hapo kuna kuku na mbuzi wa jirani.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sitaki lipite haraka. Mboga nyingi za mijini hulimwa kandokando ya mito michafu, na uchunguzi uliofanywa katika bonde la Msimbazi umewahi kukuta madini yenye sumu, kama vile risasi, katika udongo na katika majani ya mboga. Gunia lina faida ya kumruhusu mkulima achague udongo wake, ila faida hiyo hupotea iwapo udongo huo umechotwa kando ya gereji, jalala au mfereji wa maji ya kiwanda. Kikundi kikichagua bustani, fedha yake ya kwanza iende kwenye udongo safi unaotoka nje ya eneo la viwanda na kwenye mapipa ya kukinga maji ya mvua. Magunia yenyewe ni sehemu rahisi.

Kwa hiyo bustani inafaa mtaa ambao kaya nyingi zinamiliki nyumba zao au zimepanga kwa muda mrefu, ambako kuna kisima au maji ya uhakika, na ambako wapo wazee au akina mama wanaoshinda nyumbani na wanaoipenda kazi hiyo. Mahali ambapo hayo hayapo, nisingeshauri ianze.

Chakula cha shule

Nairobi imetupatia mfano ulio hai na ulio karibu. Shirika la Food4Education, lililoanzishwa na Wawira Njiru mwaka 2012 huko Ruiru, hupika katika majiko makubwa ya pamoja na kusambaza chakula mashuleni kikiwa cha moto. Mwaka 2023 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilizindua mpango wa Dishi na County kwa kushirikiana na shirika hilo, ambapo mzazi huchangia shilingi 5 za Kenya kwa mlo mmoja na kaunti hubeba sehemu kubwa ya gharama iliyobaki. Mtoto hupewa kikuku cha mkononi chenye salio, hukigusisha kwenye mashine, na hupokea sahani yake. Kwa mtazamo wangu, uzito wa mpango huu uko katika siri ambayo kikuku kile kinaitunza: mtoto ambaye mlo wake umelipiwa na mfadhili hatofautishwi na yule ambaye baba yake amelipa.

Kwa Tanzania hali ni tofauti, na kikundi cha mtaa lazima kiielewe kabla ya kuingia. Tangu elimumsingi ilipoanza kutolewa bila ada mwaka 2016, chakula cha shule za kutwa kimebaki kuwa mchango wa wazazi unaokubaliwa katika kikao chao pamoja na kamati ya shule. Mahali ambapo kikao ni imara, watoto wanapata uji saa nne na wakati mwingine makande mchana. Mahali ambapo kikao ni dhaifu, hutokea jambo ambalo linaniumiza kuliko yote katika mada hii: sufuria huwepo, wenye kulipa hupanga mstari, na wasiolipa huambiwa wakae darasani mpaka wenzao wamalize. Mpango wa namna hiyo unamfundisha mtoto wa miaka saba aibu ya umaskini wa wazazi wake, na kikundi kinachotaka kusaidia kinapaswa kuweka sharti moja lisilojadiliwa, kwamba wote wanakula au mpango hauanzi.

Sharti hilo lina gharama, nayo inaweza kukadiriwa. Kikundi kikae na mwalimu mkuu, kijue ni watoto wangapi ambao familia zao haziwezi kuchangia, kisha fedha yake yote ielekezwe kuziba pengo hilo na isitumike kununua sufuria mpya au kupaka rangi jiko. Wazazi wasio na fedha wanaweza kuchangia maji, zamu ya kupika au debe la mahindi baada ya mavuno kutoka kwa ndugu wa kijijini, kama ilivyozoeleka katika shule nyingi za mikoani.

Swali la pili ni kilichomo ndani ya sufuria. Uji wa sembe wenye sukari nyingi huondoa njaa ya saa mbili na si zaidi. Uji wa dona, au wa unga ulioongezwa virutubishi viwandani, ulioungwa kwa karanga zilizosagwa, ni chakula cha aina nyingine kabisa, na makande yenye maharage ya kutosha ni miongoni mwa milo bora ambayo mpishi wa shule anaweza kuitoa kwa gharama ndogo. Mahindi na karanga ziwe kavu na zichaguliwe vizuri, kwa sababu ukungu wa ghalani huzalisha sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Serikali pia imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, kwa hiyo bajeti isiyo na gesi au jiko sanifu ni bajeti pungufu.

Shuleni ndiko pia ambako mazoezi ya watoto hupatikana bila kumwita mtu mahali papya. Watoto wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kuchangamsha mwili, na rede, nage, kuruka kamba na netiboli zinatosha kabisa, mradi uwanja haujauzwa wala kugeuzwa maegesho ya magari. Pale ambapo uwanja umebaki, mpira wa soksi na kamba ya katani vitafanya kazi ambayo vifaa vya bei kubwa visingeizidi.

Njia hii hufa pale mweka hazina anapokosa kusoma mapato na matumizi mbele ya wazazi. Hiyo ndiyo dawa yake pia: ubao ukutani, ukionyesha kilo zilizoingia na kilo zilizopikwa, kila wiki.

Jiko la mama lishe

Kati ya njia hizi nne, hii ndiyo inayopendekezwa mara chache zaidi, na ndiyo ambayo ningeipa uzito mkubwa zaidi kwa ajili ya watu wazima. Mafundi ujenzi, makuli, makondakta, wachuuzi na madereva hula angalau mlo mmoja kwa siku kwa mama lishe, na wengi wao hula yote mitatu. Mtu mmoja anayepika wali maharage na ugali dagaa kwa ajili ya wateja arobaini ana uwezo juu ya chumvi ya watu arobaini, uwezo ambao hakuna bango la hospitali linalokaribia kuwa nao.

Mabadiliko yanayowezekana yako ya ngazi mbili. Ngazi ya kwanza haigharimu kitu: kuondoa kopo la chumvi mezani na kulitoa kwa anayeomba, kupunguza viungo vya vipande vyenye chumvi katika mchuzi na kuweka nyanya, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, kutorudia mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, na kuweka jagi la maji safi ya kunywa mahali pa wazi ili soda isiwe kinywaji pekee kinachoonekana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote kwa pamoja, na ni rahisi kwa mtu anayekula mara tatu nje kuvuka kiasi hicho kabla ya jua kuzama.

Ngazi ya pili inahitaji fedha. Sahani ya wali yenye maharage mengi na mboga ya majani ya kutosha humgharimu mama lishe zaidi ya sahani iliyojaa wali, na faida yake ni ndogo mno kiasi kwamba hatuna haki ya kumwomba aibebe hasara hiyo kwa niaba ya afya ya taifa. Hapa ndipo kikundi kinapoweza kuleta tofauti kwa kuwaunganisha mama lishe kumi au kumi na tano wanunue pamoja kwa jumla, maharage kwa gunia na mboga kwa tenga, katika masoko kama Buguruni au Mabibo, kisha wagawane kwa bei ya huko. Ununuzi wa namna hiyo unaweza kushusha bei kiasi cha kutosha kuongeza upawa wa maharage bila kupandisha bei ya sahani. Mtaji wa kuanzia unaweza kutafutwa katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na kikundi kilichosajiliwa chenye katiba na akaunti kina sifa ya kuomba.

Wateja nao wana kauli yao. Kuli aliyebeba mizigo tangu alfajiri anataka kushiba, na ukimpunguzia ugali bila kumwongezea kitu atahamia meza ya pili. Kwa hiyo kanuni ni kuongeza kwanza: maharage, kunde, mchicha, dagaa waliochemshwa, kipande cha papai au chungwa, na wanga hupungua wenyewe sahani inapojaa vitu vingine. Dona linastahili kujaribiwa siku moja kwa wiki kabla ya kulazimishwa kila siku, kwa kuwa kwa watu wengi sembe nyeupe bado ni alama ya heshima mezani.

Adui mkubwa wa njia hii ni kutokuwa na mahali pa uhakika. Mama lishe anayefukuzwa na mgambo mara kwa mara hawezi kujenga wateja wala kuweka ndoo ya maji ya kunawa. Kikundi kikichagua njia hii kijiandae kwenda naye ofisi ya mtaa na kwa afisa biashara wa kata kudai eneo, jambo ambalo linachosha na halipigwi picha, lakini bila hilo mafunzo yote hupotea siku meza inapovunjwa.

Mazoezi ya pamoja

Dar es Salaam ina utamaduni wa jogging ambao haukuletwa na mradi wowote. Alfajiri za mwisho wa wiki, vikundi vya Temeke, Mbagala na kwingineko hukimbia kwa nyimbo na ngoma, vikitembeleana mtaa kwa mtaa, vikizikana na kuchangiana katika harusi na misiba. Mwezi Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, ikitengwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa ajili hiyo. Kigali nayo tangu 2016 hufunga baadhi ya barabara asubuhi za Jumapili zilizopangwa ili watu watembee, wakimbie na kupimwa afya palepale, na Bogotá nchini Kolombia imekuwa ikifanya hivyo tangu 1974.

Kwa gharama, hakuna njia inayoishinda hii. Barabara ipo, filimbi ni bei ndogo, na fulana si lazima. Kwa mshikamano pia inazishinda zote, kwa sababu kikundi cha jogging hubaki hata mradi ukiisha. Ila tuulize ni nani anayekuja. Sehemu kubwa ni vijana wa kiume, ambao tayari miili yao iko katika shughuli, wakati mama wa miaka hamsini mwenye presha anakuwa jikoni saa hiyo, au anaogopa giza la alfajiri, au haoni namna ya kukimbia barabarani kwa mavazi anayoona yanamsitiri. Kwa ajili yake, mazoezi ya jioni ndani ya ua wa shule au ukumbi wa kata, yakiongozwa na mwanamke, mara mbili au tatu kwa wiki, yatafaa kuliko mbio za kilomita kumi. Yeyote mwenye presha au kisukari apimwe kabla ya kuanza na aanze kwa kutembea.

Kuna pia suala la barabara yenyewe. Tukimwambia mkazi wa Mbagala atembee, tumwonyeshe pa kutembelea. Mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, ulioanzia Dar es Salaam, uliweka njia za miguu, matuta na vivuko karibu na shule zenye ajali nyingi, ukapunguza majeruhi, na mwaka 2019 ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross Center. Kwa hiyo kikundi kinachodai tuta mbele ya shule au kinachozuia uwanja wa wazi usijengwe vibanda kinahimiza mazoezi kwa namna itakayodumu kuliko bonanza la siku moja.

Kuhusu semina

Elimu ya lishe inahitajika, lakini ikisimama peke yake humwambia mtu afanye jambo ambalo bei haimruhusu. Ifungamanishwe na mojawapo ya njia zilizotajwa, itolewe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejulikana mtaani, na itumie siku ambazo watu tayari wamekusanyika, kama kliniki ya mama na mtoto au siku za afya na lishe zinazofanyika kila robo mwaka. Somo la kuanza kumlisha mtoto vyakula vya nyongeza afikishapo miezi sita lina nguvu zaidi mbele ya sufuria kuliko mbele ya bango.

Kuchagua

Zikiwekwa bega kwa bega, chakula cha shule ndicho kinachofikia watoto wengi kwa wakati mmoja, ila kina gharama isiyokoma na kinadai hesabu safi. Jiko la mama lishe linawafikia watu wazima wanaofanya kazi, linajilipia lenyewe likishapata mtaji, na linabadilisha chakula ambacho tayari kimenunuliwa. Mazoezi ni rahisi kuanza na ni magumu kuwafikia wanaoyahitaji zaidi. Bustani inawafaa wachache wenye maji na utulivu wa makazi, na wao inawafaa kweli.

Kwa mtaa wenye shule ya msingi ambayo kamati yake inaaminika, ningeanza na shule, hata kama fedha inatosha kuziba pengo la darasa la kwanza na la pili pekee kwa mwaka mmoja. Kwa mtaa ulio jirani na soko, stendi au viwanda, ningeanza na mama lishe bila kusita. Mtaa wenye kikundi cha jogging kilicho hai usianzishe kingine. Ukiombe kikundi hicho kifungue saa ya jioni kwa ajili ya wanawake na wazee, na umtafutie mhudumu wa afya kipimo cha presha. Mtaa usio na hata kimoja kati ya hivyo uanze na jambo dogo la mama lishe watano na ununuzi wa pamoja wa gunia moja la maharage, kwa kuwa hilo linaweza kuanza wiki hii na likishindikana hasara yake si ya kuvunja kikundi.

Jambo ambalo singekubali ni kuzigawa fedha kidogo katika njia zote nne ili kila mjumbe wa kamati aridhike. Laki tano zilizogawanywa mara nne huacha magunia makavu, sufuria iliyokaa stoo, fulana zilizochakaa na mama lishe aliyepewa cheti. Kabla ya kupiga kura, kila anayependekeza njia yake aandike katika karatasi moja ni nani atakayelipa mwezi wa kumi na tatu, na jina la mtu huyo lisomwe mbele ya mkutano mkuu wa mtaa akiwapo.

Baada ya kuanza, vipimo visiwe vya kuchosha. Kwa shule, hesabu ya watoto waliokula dhidi ya waliohudhuria inatosha, ikiandikwa kila siku na mwalimu wa zamu. Kwa mama lishe, apime pakiti za chumvi na lita za mafuta anazotumia kwa wiki akilinganisha na sahani alizouza. Kwa mazoezi, orodha ya majina itenganishwe wanawake na wanaume, na waliozidi miaka arobaini wawekewe alama. Kwa bustani, kila kaya ihesabu siku ambazo ilikula mboga bila kununua. Kikundi kiyasome madaftari hayo mwishoni mwa kila mwezi, na mwezi wa sita kiamue kuendelea, kurekebisha au kuhamishia fedha iliyobaki kwenye njia nyingine.